Nyama Iliyokataa Kuiva

"Hii kesi imejifunga yenyewe," alisema mkuu wa kituo, akalisukuma jalada mpaka ukingo wa meza. "Kielelezo kipo, shahidi yupo, dereva yupo ndani. Kesho anapanda mahakamani. Wewe panga karatasi tu, Sajenti."

Sajenti Telesphory alilipokea kwa mikono miwili, kama mdogo anavyopokea kila kitu cha mkubwa, hata kama kimeoza. Tangu atoke kwao Ngara akaingia upelelezini, mpaka wakamtupa hapa Nyabikondo mpakani mwa hifadhi, hakuwahi kuona kesi iliyojifunga yenyewe. Kesi ni kama mlango. Ukiukuta umefungwa, ujue yupo aliyeufunga.

Alisoma akiwa amesimama, maana hakuambiwa akae. Gari la Shirika la Mkono wa Mama lilisimamishwa kizuizini likitokea Machochwe. Chini ya boneti, ubavuni mwa injini, likakutwa paja la nyumbu ndani ya kiroba. Dereva anaitwa Elia. Kosa ni kukutwa na nyara za serikali, na kosa hilo huko mahakamani halina mchezo: ukiingia kijana unatoka mzee.

Mstari mmoja ulikuwa umepigwa wino mwekundu. Ni maneno ya Robi, askari wa wanyamapori wa kijiji, aliyekuwa zamu. *Nilimwamuru azime gari akakataa. Akanisihi akisema: dada, acha ipoe kwanza.*

"Umeona?" Mkuu aliugonga mstari kwa kidole. "Acha ipoe. Ndiyo lugha yao hiyo. Alitaka wayamalize hapo hapo, mtu na mtu. Mwenye mikono safi anaomba kitu gani kipoe?"

"Ndiyo, afande," alisema Telesphory, kwa sauti ile isiyokubali wala kukataa.

Alipotoka nje alipitia chumba cha vielelezo. Nyama yenyewe ilishateketezwa kwa amri, kama sheria inavyoruhusu kitu kinachooza, ila picha zilikuwepo, na mfupa ulikuwepo. Alivua mkanda wake wa suruali, akaulaza juu ya mfupa, akaweka alama kwa ukucha. Kisha akazitazama picha kwa muda. Nyama ilikuwa nyekundu kama ulimi. Kiroba kilikuwa kimenyooka, maandishi ya kiwanda cha sukari yakisomeka yote.

Mahabusu, Elia alisimama alipomwona. Alikuwa na kovu jipya mkono wa kushoto, limekunjamana kuanzia kiwiko hadi kifundo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nyama ya nani?"

"Sijui, afande."

"Humu ndani hakuna anayejua. Wote mliokotwa. Ulimwambia askari aache ipoe. Nini ipoe? Kesi?"

Elia alimkodolea macho kama mtu aliyeulizwa jua linachomozea wapi. "Turbo, afande. Injini. Nini kingine?"

"Nieleze kama unamweleza mtu wa ng'ombe."

"Turbo ni kama konokono la chuma. Moshi wa ekzosi ndio unaolizungusha. Ukikimbiza gari mlimani, lile konokono linakuwa jekundu kama kaa la moto. Sasa ukizima ghafla, oili inasimama, feni inasimama, upepo wa njiani unasimama. Moto peke yake ndio hausimami. Unapanda na kujaa chini ya boneti, unaanza kula hozi, nyaya, plastiki. Kwa hiyo ukifika unaiacha ingurume taratibu kidogo, ipoe, ndipo unazima. Yule dada akanielekezea bunduki. Nikazima."

"Hadithi nzuri."

"Si hadithi, afande. Nina sababu ya kuijua." Aliunyoosha mkono wenye kovu. "Ile gari nyingine ya shirika iliyoungua barabara ya Tarime nilikuwa naendesha mimi. Nyuma kulikuwa na mama anakwenda kujifungua. Agness. Nilimtoa, lakini nilimtoa nimechelewa."

Telesphory alikuwa ameisikia habari hiyo. Nani hakuisikia? Shirika lilitoa ubani na tangazo kwamba dereva alikuwa mzembe.

"Magari yetu yalikuja na bati la kuzuia joto pale kwenye turbo," Elia aliendelea, "na paipu ya ekzosi imeviringishwa kitambaa kisichoungua. Bwana Osward, mkubwa wa usafiri, akaamuru vyote vitolewe. Eti vinawachelewesha mafundi wakati wa sevisi. Paipu ya mafuta ikabaki inatazamana na moto uchi. Hii ninayoendesha sasa nimeifungia bati kwa mkono wangu, la mabati ya nyumba. Na kesho mchana, afande, kuna kikao Bomani. Wanakuja wakubwa wa makao makuu, inakuja familia ya Agness. Nimeitwa niseme nani alitoa zile kinga. Hakuna dereva mwingine atakayesema, wana watoto."

"Na kesho asubuhi uko mahakamani."

"Ndivyo ilivyoangukia, afande."

Mtu mwenye maneno yaliyonyooka hivyo ama anasema kweli, ama amepata muda wa kuyapiga pasi. Tena huyu alikuwa na sababu kubwa kuliko mtu yeyote ya kumchukia Osward.

Yupo mwingine aliyekuwa ndani ya gari siku ile: nesi Goodness, mtu wa Moshi aliyepangiwa zahanati ya Machochwe. Wakati Elia anakamatwa, yeye alipanda pikipiki akaondoka na boksi la chanjo. Jambo hilo lilimkereketa Telesphory kama mwiba wa samaki. Mwenzio anashikwa, wewe unapanda pikipiki?

Alimkuta zahanatini, anapima watoto uzito.

"Sista, siku ile uliondoka mbio."

"Chanjo haisubiri polisi, afande. Barafu ikiyeyuka nimeua watoto wa kata nzima."

"Boksi liko wapi?"

"Lile pale. Unataka kuchanjwa?" Akina mama kwenye benchi wakacheka.

Telesphory alivua mkanda, akaunyoosha ndani ya boksi kutoka pembe hadi pembe. Alama ya ukucha ilipita ukingo kwa kiganja kizima. Mfupa ule usingeingia humo hata kwa kukunjwa, basi nyama haikusafiri kwenye barafu yake. Akajifunga mkanda, huku mama mmoja akisema kwa sauti kwamba siku hizi serikali inapima kila kitu isipokuwa bei ya dawa.

"Elia ana tabia gani akifika mahali?" aliuliza.

"Anatuchosha. Unafika una njaa, yeye anakaa kwenye usukani, gari inanguruma. 'Sista, ngoja ipoe.' Kila mahali, hata kanisani. Tangu ile ajali hajazima gari ghafla hata mara moja."

"Na kabla hamjaondoka hapa, gari lililala wapi?"

"Kwenye nyumba ya wageni ya shirika. Geti linafungwa. Osward naye alilala huko."

Kalamu ya Telesphory ilisimama. "Osward alikuwa Machochwe? Maelezo yake yanasema alitoka nyumbani kwake Turwa, mjini Tarime, asubuhi ile, alipopigiwa simu."

Goodness alimtazama, kisha akamrudisha mtoto kwa mama yake polepole. "Mimi nimempikia uji, afande. Yeye aliunywea wapi sijui, labda Turwa."

Uongo mmoja haumfungi mtu. Huenda alikuwa na mwanamke pale, wakubwa nao ni binadamu. Telesphory alihitaji kitu kisicho na mdomo wa kukanusha. Akapitia buchani, akanunua paja la mbuzi lenye mfupa, akaliweka kwenye kiroba cha sukari. Gari la Elia lilikuwa bado limeegeshwa uani mwa kituo kama kielelezo. Alilichukua kwa hati, akalipeleka hadi Machochwe, na pale getini pa nyumba ya wageni akaufunga mzigo ubavuni mwa turbo, mahali pale pale penye alama kwenye picha, nyuma ya bati la Elia. Akageuza. Aliendesha kama dereva mwenye chanjo, si kama sajenti mwenye mke.

Robi alikuwa zamu kizuizini. Msichana mrefu wa Kikurya, bunduki begani, mkono wa kulia umeingia mfukoni na hautoki.

"Fungua boneti, dada Robi," alisema, akaacha injini ingurume.

Alifungua kwa mkono wa kushoto. Telesphory alivuta kiroba. Nyama ilikuwa na jasho kidogo, vuguvugu kama paji la mtoto mwenye homa, lakini nyekundu. Kiroba hakikujikunja hata pembe.

Robi aliangua kicheko. "Afande, hii ukiisogeza inalia mee! Si unaona? Bati la mura yule, yule kijana dereva, linakinga kweli, na upepo unapita. Angeweza kuifikisha hadi Nairobi mbichi."

Telesphory alikuwa amejitengenezea ushahidi wa kumfunga mtu aliyekuwa anaanza kumwamini. Wakubwa wangeushangilia. Alirudisha mzigo mahali pake, akashika boneti aifunge, akasita.

"Siku ile, baada ya kuzima mlifanya nini?"

"Tulisubiri. Mkuu wangu alinipigia simu kabla gari haijafika. Akasema kuna taarifa, isimamishe, usiiguse mpaka bosi wa hiyo gari afike."

"Mlisubiri sana?"

"Nilibandika chai, ikachemka, tukanywa. Kivuli cha gari kilikuwa upande huu, kikahamia ule."

"Basi bandika chai."

"Afande?"

"Bandika chai, dada. Tufanye kama siku ile." Akafunga boneti, akazima gari ghafla kama alivyozimishwa Elia.

Walikaa kwenye kivuli cha kibanda. Gari lilikuwa kimya, ila ndani yake chuma kililia, ti, ti, ti, kama mtu anayehesabu mbegu. Chai ilikuwa haijapata majani Robi alipoinua pua.

"Kuna mtu anachoma nyama?"

Hakuna aliyekuwa anachoma. Telesphory aliendelea kukaa. Alikunywa chai yake mpaka chini. Kivuli kilipohamia ng'ambo alinyanyuka, akafungua boneti, na joto likampiga usoni kama mlango wa tanuri la mkate. Kiroba kilikuwa kimesinyaa na kugandamana na nyama, maandishi yamekunjwa hayasomeki. Mafuta yalichuruzika juu ya bati. Upande wa turbo nyama ilikuwa ya kijivu, imeiva hadi karibu na mfupa. Alitoa picha za kielelezo mfukoni, akaziweka juu ya mzigo ule wenye moshi. Nyekundu, maandishi yote yanasomeka.

Robi hakucheka tena.

"Sasa toa mkono mfukoni," alisema Telesphory taratibu.

Ulitoka polepole. Vidole viwili vilikuwa vimebabuka, ngozi mpya ya waridi.

"Uliifungua kabla ya huyo bosi."

"Nitafukuzwa kazi, afande."

"Na Elia atafungwa."

Alitazama njia. "Niliifungua ile wanazima tu. Nikashika ile fimbo ya kuegeshea boneti, ikanibabua, nikaachia. Lakini nilitazama. Pale hapakuwa na kitu. Sikuandika kwa sababu niliambiwa nisiguse."

"Halafu bosi akaja."

"Bosi Osward akaja na pikapu, ametokea upande wa Machochwe huko huko. Akasema nimpeleke dereva kibandani nimwandike, yeye anatafuta kadi ya gari. Ana ufunguo wake wa akiba. Nilipotoka akaniuliza, 'Mmeangalia chini ya boneti?' Tukafungua. Ikawepo."

"Ukaitoa wewe?"

"Mimi. Kwa mkono huu." Akaukunja na kuukunjua, na Telesphory akaona wazo likimfikia usoni. "Afande... ilikuwa baridi. Nilikuwa nasikia maumivu, nilipoishika vidole vikatulia. Nikaishika zaidi ya ilivyotakiwa. Nyama iliyotoka kwenye injini, na mimi najipozea vidole!"

Asubuhi iliyofuata, kabla ya gari la mahakama, Osward aliitwa kituoni kusaini maelezo. Alikuja amevaa shati jeupe na viatu vinavyong'aa, akamsalimia askari wa mapokezi kwa jina. Telesphory alimpa kiti kizuri.

"Bwana Osward, kabla ya nyama, nisaidie jambo moja ili nimwelewe huyu kijana. Ile gari iliyoungua. Wanasema eti kinga ziliondolewa."

"Maneno ya mfa maji." Osward alitabasamu. "Bati lile ni pambo tu. Ile gari aliiua yeye kwa mikono yake. Alisimama njiani akazima ghafla, akawasha tena, akazima. Turbo ina moto, Sajenti. Ukiizima ghafla joto lote linabaki chini ya boneti. Kitu chochote kilichopo pale kinaungua. Nimewafundisha madereva mpaka nimechoka."

"Kitu chochote?"

"Chochote. Hozi inakuwa uji. Nimeeleza hivyo kwa maandishi makao makuu, na leo mchana nitaeleza tena."

"Hata kukiwa na bati?"

"Bati linasaidia gari ikiwa mwendoni. Ikisimama imezimwa, bati nalo linageuka kikaango."

Telesphory aliandika neno kwa neno, akamsomea, akampa kalamu. Osward alisaini kwa mkia mrefu wa mtu anayesaini hundi za wenzake. Hapo sajenti akaweka mezani picha ya nyama nyekundu, na pembeni yake sinia lenye paja la mbuzi lililokauka mafuta.

"Hii ya mbuzi ilikaa chini ya boneti ya Elia, imezimwa, kwa muda wa kuchemsha chai. Hii ya nyumbu unasema ilikaa pale pale, muda ule ule. Kwa nini hii imekataa kuiva?"

Osward alitazama sinia. Akatazama picha. Akalisogeza sinia mbali naye kidogo.

"Ukisema joto halikuwepo, basi uliwadanganya makao makuu na gari halikuuawa na Elia. Ukisema joto lilikuwepo, nyama iliwekwa baada ya gari kupoa, na pale aliyekuwa na funguo ni wewe. Chagua. Mimi nitaandika lolote utakalosema."

"Nataka kumwona mkuu wako."

Hakuhitaji kumtafuta. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake haukuwa wa mtu aliyefika sasa hivi.

"Sajenti, inatosha. Bwana Osward, pita ofisini kwangu upate soda." Alisubiri viatu vile ving'aavyo vipite, kisha akashusha sauti. "Kazi nzuri. Mahakamani hatumpeleki leo, uchunguzi unaendelea. Lakini dereva haachiwi mpaka jioni. Kuna taratibu."

Mpaka jioni. Kikao ni mchana. Telesphory alizitazama nyota mabegani mwa mkuu, akawaza ni watu wangapi wanazikwa kila mwaka kwa neno hilo moja, taratibu. Angeweza kubisha. Askari anayebisha hupelekwa kulinda ghala, na dereva angebaki ndani vile vile.

"Haachiwi, afande," alisema, akapiga saluti.

Wala hakumwachia. Alimtoa Elia mahabusu, akaandika kwenye kitabu cha kituo kwamba mtuhumiwa anapelekwa Tarime, Bomani, kuonyesha mashahidi wa kuondolewa kwa kinga za magari. Akamfunga pingu, upande mmoja mkono wa Elia, upande wa pili mkono wake mwenyewe. Kila kitu kilikuwa halali. Mkuu alikuwa bado anamiminia mgeni soda.

Ukumbini Bomani walikuwa wameshaanza. Mezani mbele walikaa wakubwa kutoka makao makuu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Kiti cha Osward kilikuwa wazi. Kwenye benchi la mbele alikaa mzee aliyenyoa kichwa, Emanueli, mgane wa Agness, mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Samahani," alisema mama aliyeongoza kikao, "hapa si mahali pa polisi."

"Sikuja kikaoni, mama. Nina mtuhumiwa wangu, nipo naye popote. Nimechoka njiani, naomba nikae." Telesphory akakaa. Elia hakuwa na budi naye akakaa. Simu ya sajenti ilitetemeka kifuani, jina la mkuu likaangaza kupitia kitambaa cha mfuko. Akaiacha itetemeke.

Mzee Emanueli aligeuka. Alimtazama Elia usoni, akashuka hadi kwenye kovu, akaganda hapo.

"Ni wewe uliyekuwa unaendesha?"

Ukumbi mzima ulisikia chupa moja ya maji ikiwekwa mezani.

Elia alisimama na kuinua mkono, kama mwanafunzi anayeomba kusema. Pingu ikavuta, na mkono wa sajenti ukapanda nao juu. Telesphory hakuushusha.

"Ni mimi, mzee," alisema Elia. "Mke wako ndiye wa kwanza kusikia harufu. Aliniuliza, 'Baba, nini kinaungua?' Nitaanzia hapo."